Haki ya Mtoto Yatima katika Daftari la Chama



Mwanachama anapofariki dunia, chama hutoa rambirambi, viongozi huhudhuria mazishi, na baada ya matanga kila mtu hurudi shambani kwake. Hapo hubaki swali moja ambalo daftari la chama halina budi kulijibu: hisa za marehemu, akiba yake, na fedha za mazao yake ambazo hazijalipwa zitakwenda kwa nani? Iwapo ameacha watoto wadogo ambao mama yao naye hayupo, jibu hilo laweza kuamua kama watoto hao watalelewa nyumbani kwao au watatawanywa.

Wengi wetu tusikiapo habari za yatima huwaza makao ya kulelea watoto. Makao hayo yana kazi yake, na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hayaendeshwi bila leseni. Hata hivyo, Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo inasisitiza kwamba mtoto alelewe kwanza na jamaa zake, au na familia nyingine ikiwa jamaa hawapo. Makao ni kimbilio la mwisho.

Nchi yetu inaifahamu njia hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata yatima wengi walipokewa na bibi, shangazi na baba wadogo. Walezi hao hawakukosa moyo. Walichokosa mara nyingi ni chakula, sare na madaftari ya shule. Kwa hiyo kila shilingi aliyoiacha mzazi ina uzito wake.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Nduguti mwenye hisa 10, ambaye amekabidhi ghalani magunia 12 ya dengu, kisha akafariki kabla ya malipo. Ikiwa hakuandikisha mtu wa kupokea haki zake, jamaa wawili au watatu watafika ofisini, kila mmoja akidai kuwa ndiye mrithi. Karani akimlipa aliyewahi kufika, watoto wanaweza kukosa kila kitu.

Ili kuepuka hayo, inafaa kila chama kizingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, kila mwanachama aandikishe jina la mteule wake mbele ya mashahidi, na jina hilo lihakikiwe kila mwaka. Mteule aliyeandikwa miaka 20 iliyopita huenda naye amekwisha fariki.

Pili, mteule aelezwe wazi wajibu wake. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtu kumnyima mtoto manufaa ya haki kutoka katika mali ya mzazi wake. Kuteuliwa kupokea fedha si ruhusa ya kuwadhulumu watoto.

Tatu, pasipo mteule, au panapotokea ugomvi, chama kisigeuke mahakama. Fedha zihifadhiwe, na jamaa waelekezwe Mahakama ya Mwanzo wakaombe msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4.

Nne, ikiwa marehemu alidaiwa pembejeo, hesabu ya deni ioneshwe kwa maandishi. Mlezi ana haki ya kujua kilichokatwa na kilichobaki.

Tano, chama kikiona watoto wamebaki bila mlezi, kitoe taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama, ambayo makao yake makuu yako hapa Nduguti. Mtoto kwa maana ya sheria ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu mzima aliyepunjwa huja ofisini kudai. Mtoto wa miaka 6 hajui hata kama baba yake alikuwa na hisa. Kwa sababu hiyo, Bodi za vyama zinaombwa kukagua madaftari yao kabla ya mkutano mkuu ujao, na kuwasomea wanachama idadi ya wale ambao bado hawajaandikisha mteule.