Mfupa Uliogoma Kuunga

Wanaoogopa kupasuliwa mkono uliovunjika wana hoja nzito. Mfupa wa mkono wa juu, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, ni hodari wa kuunga wenyewe. Mwaka 2000, Augusto Sarmiento na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 620 waliotibiwa kwa kifungio cha plastiki: kwa waliovunjika bila kidonda, mfupa uligoma kuunga kwa chini ya asilimia 2. Utafiti wa Finland wa mwaka 2020 haukuwa na bahati hiyo. Takribani watatu kati ya kumi waliofungwa kifungio walipasuliwa ndani ya mwaka mmoja. Basi majeruhi wa bodaboda anayefungwa hogo katika hospitali ya Tumbi, Kibaha, hajanyimwa tiba. Ila asiache kurudi kliniki, maana ni eksirei itakayoonyesha kama yumo kwenye kundi la hao watatu.

Subira nayo ina mwisho. Ikipita miezi sita mkono bado unacheza palipovunjika, na eksirei hazionyeshi mabadiliko, kufunga hogo jingine ni kupoteza muda. Kuna watakaosema kwamba Kisarawe wapo waunga mifupa wa jadi na watu wamepona mikononi mwao. Wamepona, sikatai, lakini wengi wao ni wale ambao mfupa ungeunga kwa vyovyote. Uliogoma una sababu: ncha hazikutulia, damu haifiki, nyama imeingia katikati, au kuna usaha. Kuukanda huzidi kuzitikisa ncha ambazo zilihitaji kutulia.

Upasuaji huziendea sababu hizo. Kama kuna usaha, hutibiwa kwanza. Daktari huondoa nyama ngumu iliyojaa kati ya ncha, hupunguza mfupa uliokufa mpaka aone damu, kisha huzibana ncha kwa bamba la chuma na skrubu. Palipodhoofu huongeza vipande vya mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa chuma hutuliza tu, hakioteshi mfupa. Wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 huunga kwa njia hii. Hofu ya kiganja kulegea ina msingi, kwani mshipa mkubwa wa fahamu umeuzunguka mfupa huo kwa nyuma. Ndiyo maana daktari huutafuta na kuulinda kabla ya kuweka bamba.

Ikiwa mkono wako umefikia hapo, omba rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, uende na eksirei zote tangu ile ya kwanza. Na kama unavuta sigara, acha sasa, kabla ya kupasuliwa.