Umri wa Diski na Uhai wa Sauti: Hifadhi ya Rekodi za Kikamba katika Kitui na Makueni

1. Utangulizi

Uchunguzi wa Kikamba una historia ndefu. Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Uswidi, alifanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, na ngano alizozikusanya zilichapishwa baina ya mwaka 1928 na 1935. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alitoa mkusanyiko wake wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Vitabu hivyo vingali vyasomeka hadi leo. Hata hivyo, vilichokihifadhi ni maneno, si sauti. Kikamba ni lugha yenye toni, na maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni hizo. Kwa hiyo mtu anayechunguza toni, au anayelinganisha Kikamba cha Kitui na kile cha Masaku kinachosemwa pia Makueni, hana budi kurudia rekodi.

Siku hizi rekodi za namna hiyo huwekwa katika diski zilizounganishwa na mtandao wa idara. Kitabu kilichoachwa kabatini miaka hamsini humngoja msomaji, diski haingoji. Makala haya yanaeleza ni wakati gani diski iliyozeeka yafaa ibadilishwe.

2. Jinsi diski inavyozeeka

Diski ya sumaku ni mashine. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake pasipo kuzigusa. Chombo cha namna hii hakina budi kuchakaa.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitangaza matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Katika mwaka wa kwanza wa matumizi zilizoharibika zilikuwa asilimia 1.7, kwa zile za mwaka wa tatu kiwango kilipita asilimia 8.6. Mwaka huo huo Bianca Schroeder na Garth Gibson walionyesha kwamba diski hubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko ilivyodaiwa na watengenezaji, na kwamba uchakavu huanza mapema.

Ama kuhusu joto, jambo linalohofiwa sana katika nchi kavu kama Kitui na Makueni, uchunguzi wa Google uliona kuwa athari yake ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, isipokuwa joto likizidi mno, na hasa kwa diski zilizokwisha kutimiza miaka 3. Yaani joto huidhuru zaidi diski iliyo nzee.

3. Dalili na kutokuwapo kwa dalili

Diski nyingi hujichunguza zenyewe na kuweka hesabu ya makosa. Hesabu hiyo isipuuzwe. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake ilikuwa na hatari mara 39 zaidi ya kufa katika siku 60 zilizofuata.

Lakini waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na hapa ndipo methali hiyo inapokosa kutosha. Zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa katika uchunguzi huo hazikuwa zimeonyesha kosa lolote. Kungoja dalili peke yake, basi, ni kucheza bahati nasibu.

4. Diski za rika moja

Hifadhi ya mtandao hutumia diski kadhaa zinazosaidiana, hata moja ikifa yaliyomo yaweza kuundwa upya kutokana na zilizobaki. Mpango huu ulielezwa na Patterson, Gibson na Katz mwaka 1988. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi diski hizo hununuliwa siku moja, zikazeeka pamoja kama watu wa rika moja. Moja inapokufa, zilizobaki, nazo zimechoka, hulazimika kusomwa zote mfululizo kwa saa nyingi. Katika hifadhi ya diski 5 za terabaiti 4 kila moja, ambayo yaweza kustahimili kifo cha diski moja tu, yapasa terabaiti 16 zisomwe bila kosa. Hiyo ndiyo saa ya hatari kubwa.

Aidha, mpango huu si nakala. Radi, moto au faili iliyofutwa kwa makosa huziathiri diski zote kwa pamoja.

5. Namna ya kuamua

Kutokana na hayo, yafaa kufuata kanuni nne:

(a) Diski iliyoonyesha kosa la uso ibadilishwe mara moja, ingali yasomeka.

(b) Diski zilizofikia miaka 3 zichunguzwe kwa karibu, na kuanzia mwaka wa 5 zianze kubadilishwa moja moja, ili zisibaki za rika moja.

(c) Diski iliyoondolewa ikiwa bado nzima ipewe kazi ya vitu vinavyoweza kupatikana tena. Mihadhara yaweza kupigwa chapa upya. Sauti ya mtambaji aliyefariki haiwezi kurekodiwa tena.

(d) Rekodi yoyote isiachwe katika hifadhi moja tu. Nakala moja ikiwa mjini Kitui, nyingine iwe Wote, nazo zisikilizwe mara kwa mara.

6. Hitimisho

Fundi aweza kueleza umri wa diski na idadi ya makosa yake. Hawezi kujua ni kanda ipi yenye lahaja ambayo wasemaji wake wamebaki wachache, wala ni ngano ipi iliyorekodiwa mara moja tu. Hayo huyajua mwanaisimu. Uamuzi wa kubadilisha diski, kwa hiyo, ni sehemu ya kazi ya utafiti wa lugha, na yafaa uandikwe katika bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza ya kurekodi.