Kuona Papo Hapo Kinachoandikwa kwenye Kompyuta

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Malolo, wilayani Ruangwa, anayeandika kwa Kiswahili maelezo ya programu ya kuhesabia magunia ya ufuta. Kazi ya namna hii si ngeni nchini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Mwanafunzi huyo huandika matini ya kawaida yenye alama chache, ambazo hazina budi kugeuzwa kuwa ukurasa. Akisahau mstari mmoja tu wa vistari, jedwali lake huwa fungu la maneno yaliyochanganyika. Je, atalijua kosa hilo lini? Akingoja mpaka mwisho, atakuwa amelirudia mara nyingi.

Kwa hiyo watumishi watatu huwekwa kazini ndani ya kompyuta. Wa kwanza ni mlinzi wa faili. Walinzi wa awali waliuliza kila mara kama faili imebadilika, wakapoteza nguvu za kompyuta bure. Tangu mwaka 2005 kiini cha Linux kina utaratibu uitwao inotify, ambao humwamsha mlinzi pale tu badiliko linapotokea. Wa pili ni mfasiri, ageuzaye matini kuwa ukurasa. Wa tatu ni mjumbe: kwa kanuni za WebSocket, zilizowekwa rasmi mwaka 2011, hukiarifu kivinjari kisome ukurasa upya.

Mlinzi aweza kudanganyika. Baadhi ya programu za kuandikia haziibadilishi faili ile ile. Huandika nyingine kando, kisha huipa jina la zamani. Mlinzi aliyeshika faili ya kale hubaki akilinda kitu kisichokuwapo, ndiyo maana ni afadhali alinde folda nzima. Tena, faili ikisomwa ingali nusu, ukurasa hutoka na pengo. Basi mlinzi husubiri sehemu ndogo ya sekunde.

Yote haya hutendeka ndani ya kompyuta moja, kwa anwani 127.0.0.1, bila intaneti. Jambo lenye uzito kwa shule zilizo mbali na miji. Lakini ukurasa ulionyooka si lazima uwe wa kweli. Mwanafunzi akiagiza uzito uingizwe kwa gramu badala ya kilo, jedwali litaonekana vizuri kabisa, na hesabu za mkulima atakayelifuata zitaharibika. Kosa hilo hugunduliwa kwa kuifungua programu yenyewe na kuyafuata maelezo hatua kwa hatua, pamoja na mtu ambaye hakuyaandika.