Umenunua Canter ya mtumba? Lijue gari kabla halijala mtaji wako

MKULIMA au mfanyabiashara mdogo anapofikia hatua ya kununua gari lake la mizigo, kijiji kizima hujua. Majirani huja kutoa pongezi, watoto hulizunguka, na siku hiyo hiyo watu huanza kuweka oda ya kubebewa viazi. Kinachosahaulika katika furaha hiyo ni kwamba gari la biashara ni kama ng'ombe wa maziwa. Asiyejua kumlisha na kumtibu huishia kumchinja.

Baba yangu mdogo, mkulima wa viazi na kabichi wilayani Lushoto, alinunua Mitsubishi Canter ya mtumba mwaka 2018, yenye uwezo wa kubeba tani tatu na nusu. Alikuwa ameendesha pikapu kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo hakuona sababu ya kujifunza upya. Wiki ya tatu alipakia magunia 50 ya viazi na kuanza kuteremka kwenda Mombo, gari likiwa gia ya nne na mguu wake ukiwa juu ya breki muda wote. Kabla ya kufika chini alisikia harufu ya kuungua, kisha pedali ikazama. Alichoweza kufanya ni kuliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Mwanawe, aliyekuwa utingo, alivunjika mtulinga. Gari lilikaa gereji miezi miwili, lakini marejesho ya mkopo wa SACCOS hayakusubiri.

Mchanganuo wa mkopo ule niliuandika mimi. Niliweka dizeli, posho na marejesho. Sikuweka hata shilingi moja ya matengenezo, wala siku moja ya kujifunza gari. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mwanangu, hesabu zako zilikuwa nzuri, ila hazikuwa na breki." Makala haya ni jitihada ya kuzirekebisha hesabu hizo, ili zimfae mwingine anayetaka kuingia katika biashara hii.

Anza na leseni na uwanja mtupu

Jambo la kwanza ni leseni. Leseni ya daraja B hairuhusu kuendesha gari la biashara, hivyo mmiliki anayetaka kuendesha mwenyewe anapaswa kupata daraja linaloendana na gari la mizigo. Hili si suala la kuogopa trafiki tu. Ajali ikitokea huku dereva akiwa na leseni isiyostahili, kampuni ya bima hupata sababu ya kukataa kulipa. Aidha, gari la kubeba mizigo kibiashara linahitaji leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, na jina kwenye kadi ya gari libadilishwe TRA mapema badala ya kuendelea kutumia jina la muuzaji.

Baada ya hapo tafuta uwanja wa wazi, gari likiwa tupu, na dereva mzoefu akiwa pembeni yako. Katika Canter dereva anakaa juu ya matairi ya mbele, tofauti na pikapu ambayo matairi yako mbele yake. Kwa hiyo unatakiwa kuchelewa kidogo kukata kona, vinginevyo matairi ya nyuma yatapanda ukingo au kumgonga mtu aliyesimama pembeni. Jifunze kurudi nyuma kwa vioo viwili, utingo akiwa amesimama mahali unapomwona. Usipomwona, simama. Ukishazoea, pakia nusu ya mzigo kwa safari chache za karibu, ndipo uende kwenye mzigo kamili.

Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia

Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mombo ipo chini ya mita 500. Tofauti hiyo inateremkwa kwa barabara nyembamba ya kona nyingi yenye urefu wa kilomita zipatazo 33. Breki ndizo zinazogeuza nguvu ya mteremko kuwa joto. Uzito ukiongezeka, joto linaongezeka, na mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kuzuiwa inakuwa mara nne. Lainingi zikishika moto hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka hutoa mapovu, ndiyo maana pedali huzama.

Madereva wa zamani wana kanuni moja ambayo haijapitwa na wakati: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, washa breki ya ekzosti kama gari lako linayo, iache injini ilizuie gari, na utumie breki ya mguu kwa kukanyaga na kuachia. Usishuke kwa nyutro na kamwe usizime injini kwa nia ya kuokoa dizeli. Nguvu inayosaidia breki na usukani hutokana na injini, hivyo ukiizima utabaki na pedali ngumu na usukani mzito katikati ya kona.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo wa mwisho wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Magari ya uzito huo pia hayaruhusiwi kuupita mzani bila kupima.

Dakika kumi kila asubuhi

Ukaguzi wa asubuhi hauhitaji fundi. Kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare, chomoa kijiti cha oili na uangalie kiwango na rangi. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maana kwamba maji yameingia ndani ya injini, na gari hilo lisiwashwe. Kagua maji ya rejeta kabla injini haijapata moto, kwani kufungua mfuniko wa rejeta ya moto ni kujichoma. Tumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, maana maji ya mtoni huleta kutu na magamba yanayoziba njia. Fundi akikushauri uondoe themostati ili gari lisichemshe, mwulize kwanza ni nini kinacholichemsha. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula dizeli zaidi na huchakaa mapema.

Angalia mafuta ya breki, mkanda wa feni, taa na uvujaji chini ya gari. Fungua maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, hasa kama unanunua mafuta ya kwenye madumu. Unapoinua kichwa cha gari ili kuifikia injini, hakikisha kizuizi chake kimejifunga kabla ya kuingiza kichwa chako chini yake.

Kwa oili, chagua ya injini ya dizeli. Kwenye kopo, alama ya API inayoanza na herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi na milima, kubadilisha oili pamoja na filta yake kila kilomita 5,000 ni utaratibu salama. Chujio la hewa lipulizwe mara kwa mara na kubadilishwa likichoka. Grisi ipigwe kila wiki kwenye kingpini, springi na propela.

Canter nyingi hutumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa pamoja. Usikubali fundi achukue umeme wa redio kwenye betri moja tu. Betri hiyo itachoka kabla ya mwenzake, kisha zote mbili zitakufa.

Matairi na nati zake

Matairi sita ni miongoni mwa gharama kubwa za gari. Matairi pacha ya nyuma yawe na upepo sawa, kwani la ndani likilegea, la nje hubeba mzigo wa mawili. Pima kwa geji, usipige teke tu, na uondoe mawe yanayokwama katikati. Unaponunua tairi la mtumba, soma tarakimu nne ubavuni. Tairi lenye 2319, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Jambo jingine linalowasumbua wamiliki wapya ni nati. Malori mengi ya zamani ya Japani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguliwa kinyume na kawaida. Asiyejua huzikaza akidhani anazifungua, mpaka boliti inakatika. Baada ya kubadilisha tairi, kaza nati upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Hesabu ya safari moja

Sasa tufanye hesabu, ndugu msomaji, kwa bei za mfano ambazo utabadilisha kulingana na eneo lako. Tuchukulie safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 700, magunia 35 ya kilo 100 kwa sh 20,000 kila moja, yaani sh 700,000, pamoja na mzigo wa kurudi wa sh 200,000. Jumla sh 900,000.

Dizeli, kwa lita moja kwa kilomita sita na bei ya sh 3,000, ni sh 350,000. Posho ya dereva na utingo, hata kama dereva ni wewe mwenyewe, sh 120,000. Ushuru, maegesho na chakula sh 80,000. Zinabaki sh 350,000, na hapo ndipo wengi husema wamepata faida.

Lakini matairi sita ya sh 400,000 yanayokwenda kilomita 40,000 yanagharimu sh 60 kwa kila kilomita. Oili na mafilta ya sh 200,000 kila kilomita 5,000 ni sh 40. Tenga sh 50 kwa breki, springi na klachi, na sh 40 kwa ajili ya injini, yaani sh milioni 4 kila kilomita 100,000. Jumla ni sh 190 kwa kilomita, sawa na sh 133,000 kwa safari.

Ongeza uchakavu: gari la sh milioni 35 litakalouzwa sh milioni 20 baada ya miaka mitano hupoteza sh milioni 3 kwa mwaka, au sh 50,000 kwa safari kama unafanya safari 60. Bima na leseni za sh milioni 1.2 kwa mwaka ni sh 20,000 kwa safari. Faida halisi inabaki sh 147,000, na marejesho ya mkopo yatoke humo pamoja na fungu la uchakavu. Anayekula zile sh 350,000 zote anakula matairi na injini yake bila kujua.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kupakia magunia 50, kwani 15 ya ziada yanaleta sh 300,000. Fedha hizo zinaonekana leo, lakini bili ya springi, klachi na matairi huja baadaye. Lumbesa nayo huongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu gunia unalohesabu kuwa la kilo 100 huwa limezidi, na mwenye gari hajui tena amebeba tani ngapi.

Baba mdogo alirudi barabarani. Alimlipa dereva mstaafu amfundishe kwa wiki mbili, na tangu hapo hapakii zaidi ya magunia 35. Ndani ya gari ana daftari la shule lenye safu nne: tarehe, kilomita, kilichofanyika na gharama. Kila akirudi kutoka sokoni huweka fungu la gari kwenye akaunti ya peke yake kabla ya kuingia nyumbani. Mkopo uliisha miezi tisa baada ya tarehe tuliyopanga. Mwanawe alipona, na sasa ndiye anayelijaza daftari lile.

Kwa anayejiandaa kununua gari la kwanza, ushauri wangu ni mmoja. Usitumie mtaji wote kwenye bei ya gari. Bakiza fedha ya matairi, ya oili ya kwanza na ya mtu wa kukufundisha, hata kama itakubidi ununue gari la bei ndogo zaidi au usubiri msimu mmoja mwingine.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.