"Plastiki inayooza": ukiisikia kwa mdahalo, uliza ni ipi
Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, sikosi kusikia mtu jukwaani akisema, "Turuhusu ile inayooza." Sawa, lakini ipi?

Kuna bakteria wa udongoni ambao wakipata chakula kingi huku naitrojeni ikiwa haba, hujiwekea akiba mwilini, kama mtu anavyoota kitambi. Hiyo akiba ni plastiki kabisa, inaitwa PHB. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza tangu 1926! Ikirudi udongoni, vijidudu vingine vinaila.

Shida ni bei. Kuwalisha hao bakteria sukari ni ghali kuliko kutengeneza plastiki ya mafuta ghafi.

Halafu kuna PLA, ya mahindi. Nayo huitwa "inayooza", ila inataka joto la nyuzi 60 hivi. Kwa mtaro wa mtaani hilo joto utalitoa wapi?

Kwa hivyo mheshimiwa akiitaja, muulize: inaozea wapi, kwa muda gani, na hiyo tofauti ya bei analipa nani, kiwanda ama mama mboga?