Mpangaji Asiye na Rekodi ya Mikopo

Mama aliyejenga nyumba za kupangisha Kitengela, kwa mirathi au kwa akiba ya miaka mingi, ana haki ya kujua anamkabidhi nani funguo. Mji huo wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Namanga, hupokea wageni wengi kwa kuwa uko karibu na Nairobi na viwanda vya Athi River. Wamo watu wetu wa Pwani, na wamo mabinti waliorejea kutoka kazini Saudia na Oman. Wakitakiwa ripoti ya CRB, baadhi yao hawana la kuonyesha.

Ripoti hiyo hueleza nani alikopa na alilipaje. Kodi ya nyumba iliyolipwa kwa wakati, kwa kawaida haimo. Basi aliyejiepusha na Fuliza na M-Shwari kwa kuogopa riba huenda asionekane kabisa. Kukosa rekodi si kuwa na rekodi mbaya, na kumnyima mtu nyumba kwa hilo ni kumwadhibu kwa uchaji wake.

Ziko njia nyingine za kumjua. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, inayoombwa kwa *334#, huonyesha kodi alizolipa kwa simu. Aifungue mbele yako, kwani karatasi hughushiwa. Mpigie mwenye nyumba aliyetangulia, si wa sasa pekee, maana wa sasa aweza kumsifu mpangaji msumbufu ili amwondokee. Aliyetoka Ghuba alete mkataba wa kazi na stakabadhi za fedha alizotuma nyumbani. Akileta mdhamini, mdhamini huyo aelewe kwamba dhamana ni deni, wala si salamu.

Kisha andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mkataba utaje kodi, siku ya kulipa, na masharti ya kurudisha amana ya nyumba.

Maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji, awe jamaa au mgeni. Nakala za kitambulisho zisisambazwe ovyo kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Mpangaji amekukabidhi fedha na siri zake, nawe umemkabidhi mali yako. Zote ni amana.