Trekta dogo: Mikono inanyanyua, lakini haikandamizi

MFANYABIASHARA mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara ya kulimia watu mashamba kwa trekta dogo huuliza maswali mawili: injini ina nguvu za farasi ngapi, na mikono ya nyuma inanyanyua kilo ngapi. Swali la tatu, ambalo huja kumgharimu msimu wa kwanza, mara nyingi halimjii. Je, mikono hiyo inaweza kukandamiza jembe chini?

Kwa matrekta mengi madogo, mapya na mitumba, jibu ni hapana. Na hata pale ambapo jibu ni ndiyo, faida yake si ile ambayo mnunuzi huifikiria. Ukurasa huu wiki hii unaeleza sababu, ili msomaji asilipie kitu ambacho hakitamsaidia.

Jinsi mikono inavyofanya kazi

Pampu ya haidroliki husukuma mafuta ndani ya silinda, pistoni husogea, na mikono hupanda pamoja na jembe. Dereva akishusha wenzo, vali hufunguka na mafuta hurudi kwenye tangi. Hapo jembe hushuka kwa uzito wake lenyewe. Hakuna kinacholisukuma. Silinda ya aina hii huitwa ya njia moja: ina nguvu ya kupanda tu.

Huo si upungufu wa kiwanda. Mfumo wa mikono mitatu ulibuniwa na Harry Ferguson, fundi wa Ireland, na ulianza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1939 katika trekta la Ford-Ferguson. Shabaha yake ilikuwa kulifanya trekta jepesi lilime kama zito. Jembe linapovuta kwa nguvu kupita kiasi, haidroliki hulinyanyua kidogo, na sehemu ya uzito wake huhamia kwenye matairi ya nyuma. Matairi hushika ardhi na trekta huendelea kuvuta.

Kukandamiza ni kinyume cha hayo. Ukisukuma jembe chini, ardhi nayo hulisukuma trekta juu.

Hesabu ya uzito

Tuchukue mfano. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 5, ikipata shinikizo la bar 150, husukuma kwa nguvu ya karibu tani 3. Muuzaji akitaja tani 3, mnunuzi hufurahi. Lakini trekta lenyewe lina uzito wa kilo 1,200 tu: kilo 700 ziko nyuma na 500 mbele. Silinda haiwezi kukandamiza ardhi kuzidi uzito wa trekta. Kabla ya kufika huko itakuwa imeyanyanyua matairi ya nyuma.

Sasa tuseme dereva anakandamiza kwa kilo 200 tu. Jembe liko sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 160. Matairi ya nyuma hayapotezi kilo 200, bali 300, kwa sababu jembe liko nyuma yake na linafanya kazi kama mtarimbo. Kilo 100 kati ya hizo zinahamia mbele. Nyuma zinabaki kilo 400.

Kama matairi yanaweza kuvuta nusu ya uzito uliokaa juu yake, uwezo wa kuvuta umeshuka kutoka kilo 350 hadi 200. Jembe limezama zaidi na linataka kuvutwa kwa nguvu zaidi, huku trekta likiwa limepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu ya kulivuta. Matairi yatazunguka mahali pamoja, dizeli itaungua na mpira utalika.

Yapo matrekta yenye silinda za njia mbili, zinazopanda na kushuka kwa nguvu. MTZ-80 ya Minsk, ambalo ni trekta kubwa kuliko haya tunayoyazungumzia, ni mojawapo. Wenzo wake una nafasi ya kushusha kwa nguvu na nafasi ya kuelea. Wakati wa kulima huwekwa kwenye kuelea, ili jembe lifuate ardhi.

Panapofaa

Kukandamiza kuna kazi zake. Keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo husaidika sana katika udongo mgumu, kwa kuwa trekta limesimama na halihitaji kuvuta. Kijiko cha mbele nacho hutumia silinda za njia mbili kuchimba na kukwangua. Bapa la kusawazishia barabara hufaidika pia, mradi liendeshwe kwa kiasi. Mwenye zabuni ya kuweka uzio anaweza kulipia kifaa hicho bila hasara. Mwenye kazi ya kulima tu asifanye hivyo.

Jembe huzamishwa na nini?

Jembe la bapa huzamishwa na ncha yake. Mkono wa juu ukifupishwa, ncha huinama na jembe hujivuta lenyewe chini. Ncha ikiisha makali, hakuna marekebisho yatakayosaidia. Jembe la sahani na haro hutegemea uzito wake na pembe ya sahani. Hapa ndipo wengi hukosea: hununua haro nyepesi kwa sababu ni rahisi, kisha inateleza juu ya udongo mkavu.

Hasara yake inaonekana kwenye daftari. Mteja hulipa kwa eka, si kwa idadi ya mipito. Haro ikipita mara mbili mahali pa mara moja, dizeli ya eka moja inakaribia kuwa mara mbili, na eka za siku zinapungua kwa nusu.

Udongo wenyewe pia una masharti yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, wakaleta matrekta kwa mamia. Ardhi ya mfinyanzi ilipokauka iligeuka kama saruji, na vyuma vililika upesi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo ilikuwa mojawapo. Kusubiri unyevu wa mvua za kwanza ni rahisi kuliko kununua nguvu za kushindana na udongo mkavu.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kufanya mambo manne.

Kwanza, amwombe dereva wa muuzaji ashushe mikono mpaka ikae juu ya gogo, watu wakiwa mbali, kisha aendelee kushusha. Trekta la njia mbili litaanza kunyanyuka nyuma. La njia moja litatulia.

Pili, aulize uzito wa trekta na uzito wa jembe, si nguvu za farasi peke yake. Jembe lisizidi uwezo wa mikono, wala lisifanye matairi ya mbele yaelee. Uzito wa nyongeza wa mbele uwemo katika bei.

Tatu, akague ncha na sahani, na aulize bei ya vipuri hivyo.

Nne, ajaribu trekta na jembe lake katika shamba linalofanana na yale atakayolima, si katika uwanja wa duka.

Muuzaji akikataa sharti hilo la nne, mnunuzi abaki na fedha zake mpaka apate anayekubali.